Nyundo Chini ya Jiko

Nakumbuka asubuhi zetu zilivyoanza: ko, ko, ko, chini ya miguu yangu, wakati moto wa jiko bado haujashika. Hapa Kolwezi, mwanangu, kuna mitaa ambayo watu huchimba madini ndani ya uwanja wa nyumba zao, na kwetu shimo lilipita chini ya jiko. Aliyegonga ni yaya Ilunga, kaka yangu. Kila siku kabla ya kuchimba aligonga dari la shimo kwa nyundo. Likijibu ko, udongo umeshikana. Likijibu bu, kama ngoma iliyopasuka, unapanda juu mbio, hata kama jiwe zuri liko mbele ya pua yako.

Nakuita mwanangu, na usicheke. Mvi sina, na shule yangu iliishia darasa la sita. Lakini nimekutangulia kuwa mjinga, na huo nao ni umri.

Nilikuwa na ndoto ya cherehani. Kichwani nilishashona magauni ya harusi ya mji mzima, mpaka ya mji wa mbali wa Kasaji! Madini ya yaya ndiyo yangeleta cherehani hiyo. Basi akaja mhubiri mmoja na hema lake, na vitambaa vilivyochapwa sura yake mwenyewe, masikio na meno yote. Alisema shimo lililofungiwa kitambaa kile halianguki, na anayegonga-gonga ukuta anamjaribu Mungu. Nikatoa kitenge changu kipya kuwa sadaka, nikarudi na kitambaa, nikakifunga kwenye mti tunaofungia kamba ya kushukia, mdomoni mwa shimo, nje kidogo ya mlango wa jiko.

"Yaya, nyundo weka. Kugonga ni kukosa imani."

Ananipenda. Akaiweka.

Siku tatu jiko lilikuwa kimya. Siku ya nne akaingia Tata Kalonji, jirani yetu, mzee wa kanisa, aliyetumia ujana wake chini ya ardhi na kurudi na sikio moja tu linalofanya kazi.

"Mama, mbona mi sisikie nyundo? Ilunga anagonjwa?"

Nikacheka, nikamwonyesha kitambaa. Yaya alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni.

"Ule njo nani?" akauliza, akiielekezea kidole sura ya kitambaani.

"Mutumishi wa Mungu, Tata. Njo anachunga shimo."

"Eko na masikio mbili, mi niko na moja. Muulize kama anasikia kitu!" Alifoka, mwanangu. Ilikuwa hasira ya mtu aliyewahi kuwafukua rafiki zake kwa mikono. "Bankambo yetu, wazee ba zamani, bakichonga sanamu ya mti, munasema bapagani. Weye umevalisha mti sura ya mutu, unasema njo imani!"

"Tata, usitukane upako," nikasema. Mimi!

Tata alikuwa ameshanipa mgongo. Akamgeukia yaya. "Shuka, mutoto yangu. Lakini gonga mara moja tu, juu ya heshima ya mama mwenye alikuzala."

Yaya akanitazama. Nikageuza uso. Akachukua nyundo, akashuka. Tata akalaza sikio lake zima kwenye sakafu, kando ya mafiga, mvi zake ndani ya majivu.

Bu.

"Panda!"

Tata akaruka kwenye kamba, nami nikavuta pamoja naye, nikilia jina la Yesu. Kitambaa hata sikukikumbuka. Kichwa cha yaya kilipotokea tu, mafiga yakazama, sufuria ikafuata, na jiko likawa shimo.

Sasa sikiliza kinachoniunguza mpaka leo. Habari zilimfikia mhubiri. Jumapili iliyofuata, hemani kwake, akatangaza kwamba kitambaa chake kimemwokoa Ilunga, akaniita mbele nishuhudie. Makofi! Nyundo haikutajwa, wala mzee mwenye majivu kichwani. Mungu alitajwa, ndiyo, kama bosi anavyomtaja karani wake. Nikasimama mbele ya watu.

"Nyundo njo ilisema. Kitambaa kilinyamaza."

Makofi yakakatika. Mama mmoja wa mbele akanisonya, "Toka, pepo weye!" Nikatoka.

Mwanangu, sanamu ya siku hizi haiji na pembe. Inaimba nyimbo zetu, inajua kusema amina. Lakini itazame vizuri: inakutaka uzibe masikio uliyopewa na Mungu. Ukiponea chupuchupu, sifa inachukua yenyewe. Ukiangamia, itasema imani yako ilikuwa ndogo. Jizi kubwa! Usiipe shingo yako, na shingo ya ndugu yako usithubutu kabisa. Sali, kisha gonga. Sikio la kufa halisikii dawa, nami nilitaka kumpa kaka yangu sikio hilo kwa mikono yangu. Mungu akupe sikio zima, akupe na jirani mkali, na kila dari utakalopita chini yake likujibu ko.

Siku ile nilipofika nyumbani sikumwita mtu aje kushuhudia. Kitambaa kilikuwa bado kwenye mti wake, meno nje. Nikakifungua, nikakifua kwa sabuni, nikakianika mpaka kikakauka. Kisha nikakikunja mara nne, nikakishikia sufuria ya moto yenye bukari, ugali wetu, sufuria niliyoazima kwa Tata Kalonji.