Barza Juu ya Jiko la Jirani

Nyumba yetu ya mtaa wa Cimpunda iko kwenye mteremko mkali, mahali ambapo ua wa mmoja unaanzia pale paa la mwenzake linapoishia. Ukimwaga maji ya vyombo bila kuangalia, utasikia unaitwa kutoka chini. Mbele ya nyumba kulikuwa na barza, ukumbi wa nje wa mawe uliokaa juu ya ukuta, ambayo baba aliijenga kabla sijazaliwa, na chini kabisa ya barza hiyo lilikuwa jiko la jirani yangu, mjane anayekaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na kuwauza sokoni jioni.

Barza ndiyo ilikuwa makao ya mama yangu. Tangu miguu ilipoanza kumvimba alikaa pale kuanzia jua linapotokea upande wa Rwanda, akichambua maharagwe, akisali rozari, akimsalimia kila apitaye. Lakini mvua za miaka mingi zilikuwa zimelamba simenti yote katikati ya mawe. Mawe yenyewe yaligeuka meusi, yakaota ukoga, na mengine yalicheza ukiyakanyaga. Asubuhi moja mama aliteleza, bahati nzuri akadaka mlango. Siku hiyohiyo nilimpigia simu mume wangu, ambaye wakati ule alikuwa Luhwindja kwenye machimbo ya dhahabu, nikamwambia kwamba barza haitangoja arudi. Alikubali. Aliniomba tu nitafute fundi wa mawe kweli, nisichukue mtu wa kupaka rangi.

Nilimpata mtu mzima mwenye sauti nene, anayeimba kwaya katika parokia yetu. Tulikubaliana ang'oe mawe yaliyolegea, ayasugue, kisha ayapange upya kwa simenti. Siku za kwanza zilikuwa za furaha. Mawe yaliyosuguliwa yalionyesha rangi ambayo sikuwahi kuijua, ya kijivu inayokaribia bluu, na mama alikaa mlangoni akimsimulia fundi jinsi baba alivyoyabeba mengine begani.

Alipofika kwenye kona ya mbele, fundi aliweka nyundo chini. Aliniita kwa mkono. Akachukua chuma chake kirefu cha kung'olea mawe, akakisukuma kwenye udongo ulio nyuma ya ukuta, na chuma kikaingia chote bila kugonga kitu. Akapitisha mkono hadi begani, akautoa umelowa, ilhali tulikuwa katikati ya kiangazi. Maji ya huko juu yalikuwa yamechimba njia yao polepole, yakapita chini ya chumba alicholala mama, yakatokea hapo.

Aliangalia shimo, kisha akaangalia mabati ya jirani pale chini, ambako moshi ulikuwa unapanda.

"Maman, mimi naogopa," aliniambia. "Hii barza ndiyo iko inashikilia nyumba."

Sijui kama ningeogopa vile angelikuwa ananitisha ili nimwongeze kazi. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika, na mtu wa kazi yake akiogopa jiwe, mwingine atasimama wapi? Mjini tulikuwa tumezoea hofu ya aina nyingine. Masasi ya bunduki yakilia unajua la kufanya: unalaza watoto sakafuni, unalala juu yao, unangoja. Hofu hii sikujua namna ya kuilalia. Ilikuwa chini ya sakafu yenyewe. Nilimhamisha mama chumba cha nyuma, yeye akilalamika kwamba kitanda chake kina mahali pake, na kila nilipopita barzani, juu ya jiko la jirani, nilijikuta natembea kwa ncha za vidole.

Nilimweleza jirani. Alinisikiliza huku akigeuza samaki, akasema mlima huu watu wanautabiria kuanguka tangu yeye alipoolewa. Fundi aliegemeza miti ya mikaratusi kwenye ukuta, akajaza shimo la mbele kwa mifuko ya mchanga. Alisema kesho yake tutaanza kujenga upya kutoka chini, tukiwahi mvua.

Mvua haikutungoja. Ilikuja mchana ule ule, kabla ya wakati wake, na haikuanza kwa matone. Nilikuwa jikoni kwangu. Nilitoka mbio kwenye barza nikaona mti mmoja umelala upande, na chini ya mifuko ya mchanga maji yanatoka mazito, yenye rangi ya udongo. Ukuta ulikuwa na tumbo. Asubuhi haukuwa nalo.

Nilimpigia mama kelele asiondoke chumba cha nyuma, kisha nikashuka. Ngazi za udongo zilikuwa zimegeuka mfereji, nikazishuka nusu kwa miguu, nusu kwa makalio. Jirani alikuwa jikoni na mtoto mgongoni. Wawili wakubwa walikuwa wamechuchumaa karibu na moto, wanatoa samaki wadogo vichwa.

Nilimwambia atoke. Alinijibu bila kugeuka.

"Nikitoka, bezi batakuja kubeba bintu yangu. Siku ya masasi nilikimbia, nikarudi nikakuta nyumba mutupu."

Nilijua anasema kweli kuhusu wezi. Niliiona nyumba ile tupu siku hiyo, nilimwazima sufuria mwenyewe. Kokoto zilianza kugonga mabati juu ya vichwa vyetu, moja moja, kama mtu anayerusha mahindi. Nilishika beseni lake la sambaza, mtaji wake wote wa siku ile, nikalibandika kichwani na kukimbia nalo mvuani.

Alinifuata. Aliniita mwizi, aliniita majina mengine kwa lugha ya Kishi ambayo mama yangu asingependa niyaandike. Watoto walimfuata yeye, wanalia. Sikugeuka hadi nilipofika upande wa pili wa kichochoro, chini ya baraza ya duka. Hapo ndipo aliponishika kitenge.

Ukuta ulianguka akiwa bado amenishika. Nilidhani kitu kama hicho kingelia sana. Kilisikika kama mtu anayemimina gunia la viazi, kisha lingine, kisha kimya. Mawe ya baba yalikuwa yamelala juu ya jiko, na mabati yamekunjika katikati.

Jirani aliachia kitenge changu. Alimshika mtoto wa mgongoni, akawagusa vichwa wale wawili, akarudia kuwagusa. Mimi nilikuwa naangalia juu. Nusu ya barza haikuwepo, na mlango wa nyumba yetu ulifunguka kwenye hewa tupu. Nilimwita mama.

Ndipo nilipomwona fundi anatokea nyuma ya nyumba, anashuka kwa njia ya majirani wa juu, amembeba mama mgongoni. Alikuwa ameona mawingu akiwa kwake, akaja mbio kutazama miti yake. Mama alikuwa na rozari mkononi na kiatu kimoja. Alipofikishwa kwetu aliuliza kama chini palikuwa na mtu. Nikamwambia hapakuwa na mtu.

Jirani alikaa kwenye tope. Tulikaa naye. Kisha alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Samaki iko inalowa," akafungua kitenge chake cha juu na kulifunika beseni.

Mume wangu alirudi. Vijana na wazee wa avenue yetu, barabara nzima, walipanga mstari mteremkoni wakapitishiana mawe, na kabla hatujagusa barza tulimjengea jirani jiko lingine upande wa pili wa kiwanja chake, mbali na ukuta. Barza mpya ilianzia chini kabisa, kwenye uwanja wake. Ni nyembamba kuliko ile ya baba, na imetobolewa matundu ya mabomba ili maji yapate pa kutokea. Mama aliikataa kwa majuma kadhaa. Alikuwa anaigongagonga kwa fimbo kutoka mlangoni, anasikiliza, anarudi ndani.

Sasa anakaa, ila kiti chake amekisogeza hadi kimegusa ukuta wa nyumba. Mimi bado naogopa. Mabati yakianza kulia najikuta nimesimama, hata kama nilikuwa nakula. Mvua ikiwa kubwa, jirani hangoji kuitwa. Tunakutana pale chini ya baraza ya duka, yeye na watoto wake, mimi nimemshika mama mkono. Habari za ukuta hatuzitaji. Tunaongea juu ya bei ya mafuta na homa ya mtoto wake mdogo, mpaka mvua inyamaze na kila mtu arudi kwake.