Mabati ya Nyumbani

Katika nyumba ya Libérate kule Mishamo, kambi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania, watu walipita kwa ubavu. Vyumba vilikuwa viwili, na vyote vilijaa vitu visivyotumika: mabati kumi na manane yaliyoegemezwa ukutani, majembe mapya yasiyotiwa mipini, sanduku lililojaa mablanketi, baiskeli isiyowahi kugusa vumbi, na mafurushi yaliyofungwa kwa kamba za katani. Juu ya hayo yote, paa la nyasi lilivuja.

Vilikuwa vitu vya kurudi navyo Burundi. Mumewe, Leonidas, alikimbia mauaji ya mwaka wa sabini na mbili akiwa na shati moja mwilini, akaapa kwamba hatarudi mikono mitupu. Kila baada ya mavuno alinunua bati Mpanda, mwaka mzuri mawili, akayapandisha kwenye lori lililokuja kufuata mahindi, akayaegemeza pamoja na mengine. Nyumba ya bati ingejengwa kule, kwenye shamba ambalo kaka yake Pontien alikuwa akimtunzia. Hapa palikuwa pa kupita tu. Nani anaezeka kambi kwa bati?

Libérate alizaa watoto watano hapo pa kupita. Kila mwaka aliomba nafasi ya kutandika mkeka bila kuhamisha furushi, na kila mwaka aliambiwa avumilie. Ulipofika mwaka wa tisini na tatu, kule Burundi kulipofanyika uchaguzi na matumaini ya kurudi yakapanda, vitu vikazidi. Leonidas alichongesha hata milango miwili ya mninga. Baadhi ya majirani walitangulia kurudi. Kisha, mwezi wa kumi, habari zikageuka: rais aliyechaguliwa ameuawa, na mauaji yameanza tena. Wiki chache baadaye mmoja wa waliotangulia akarudi kwa miguu, akaketi kizingitini kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kuketi, akasema Pontien ameuawa. Nyumba imechomwa. Shamba lina watu wengine.

Leonidas hakulia. Aliingia katikati ya mafurushi yake akawa anayafungua na kuyafunga, siku nenda, siku rudi. Mvua zikakolea. Emelyne, kitinda mimba wao, akaanza kukohoa, na palipo pakavu pote palikaliwa na mafurushi. Muuguzi wa zahanati alimwambia Libérate waziwazi kwamba mtoto asipolala pakavu, mapafu yatamshinda.

Asubuhi iliyofuata alianza kutoa vitu nje. Hakumwuliza mtu. Akatoa majembe, baiskeli, milango. Mablanketi ya juu yalikuwa mazima. Ya chini panya walikwisha kuyafanya makazi, wakazaa humo vizazi na vizazi. Alipofika kwenye mabati, Leonidas alisimama mbele yake.

"Hayo ni ya nyumbani, Mama Emelyne."

"Nyumbani wapi?"

Leonidas akatandaza mikono kuyakinga.

"Vitu hivi nimevitunza kama wageni," Libérate akasema. "Miaka yote hii. Lakini mgeni gani huyu, Baba Emelyne, analala pakavu na mtoto wa nyumba analala majini?"

Leonidas alimtazama Emelyne aliyejikunyata kwenye kona. Mwisho akainama, akashika upande mmoja wa bati la kwanza, akangoja mkewe ashike upande wa pili.

Kazi ya kuezeka ilichukua siku tatu. Jirani yao Rénovat, mtu wa utani hata msibani, ndiye aliyepanda juu kupigilia. Alipomaliza msumari wa mwisho aliita kutoka paani: "Leonidas, karibu Tanzania. Umechelewa kidogo tu, miaka ishirini na moja."

Watu wakacheka. Libérate naye alicheka, kisha akaona uso wa mumewe, akanyamaza.

Jioni alifagia vyumba vyote viwili, akapiga sakafu maji, akatandika mkeka wa Emelyne mahali alipotaka mwenyewe. Mablanketi mazima aliyagawa, ya panya akayachoma. Mtoto alilala bila kukohoa sana. Nafasi aliyoiomba kwa miaka mingi ilikuwa imekuja, imekaa ndani, na nyumba ilifanana na nyumba ambayo maiti ametolewa muda si mrefu.

Leonidas aliingia akasimama katikati ya chumba. Alinyoosha mkono kando, kama kipofu, usiguse kitu.

"Nikae wapi?" akauliza.

"Popote, Baba Emelyne," Libérate akajibu.

Leonidas alitazama pande zote, asipachague popote, akabaki amesimama.