Projekta ya Shule Niliyoifungia Sandukuni

Msinionee huruma. Nina hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Nilimwaibisha mjukuu wangu mbele ya kijiji kizima, kisha nikamsingizia mwalimu wake.

Mimi ni mkulima mzee wa huku Isingiro. Kwa kuwa nilifika kidato cha nne, wenzangu walinichagua mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi. Mwaka jana watu waliosoma pale zamani wakatuletea projekta, ile mashine ya kurusha picha ukutani. Ofisi ya shule haina nondo madirishani, nikaamua ilale kwangu. Nikaifungia kwenye sanduku la bati pamoja na suti yangu ya Krismasi. Ufunguo nikauvaa shingoni, jirani na rozari!

Mwalimu Jovita wa darasa la saba alinifuata mara tatu.

"Shikamoo mzee. Naomba ile projekta. Watoto watazungumza siku ya mahafali. Nataka niwarekodi kwa simu, wajione ukutani wanavyosimama na wanavyokimbiza maneno."

"Marahaba. Mtaichakaza. Itatoka siku yenyewe, wageni waione ikiwa mpya."

"Waitu mzee," akanibembeleza kwa lugha ya kwetu, "tuijaribu hata mara moja!"

"Mwalimu, suti ya harusi haivaliwi kupalilia migomba!"

Waliokuwepo wakacheka. Nikajiona nina akili. Mjinga mkubwa mimi!

Mjukuu wangu Adela ndiye aliyechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wenzake. Alikuwa aeleze namna ya kuzuia mnyauko wa migomba, kwa picha alizopiga kibanjani, kwenye shamba langu la migomba. Majani ya njano, ndizi zilizooza ndani, panga linalochomwa moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Alijua kila kitu.

Mahafali yakafanyika chini ya turubai uwanjani, saa saba mchana. Mashine ikawashwa, ikarusha picha kwenye shuka. Jua! Hakuna kilichoonekana. Kumbe inataka giza! Tungeijaribu siku moja tu tungelijua hilo, tukawaingiza wageni darasani.

"Kama mnavyoona hapa..." Adela akaanza.

"Tunaona shuka!" mtu akadakia kutoka nyuma. Watu wakaangua kicheko.

Alikuwa hajawahi kushika maiki maishani mwake. Akaibandika mdomoni, ikapiga mluzi. Akanyamaza. Akanitazama mimi, babu yake.

Nikainuka, nikamnyang'anya maiki. "Kaa chini! Unatutia aibu!"

Spika zikayapeleka maneno hayo mpaka barabarani.

Sikuishia hapo. Kwenye kikao cha kamati nikasema mwalimu hakumwandaa mtoto. Mwalimu Jovita akautazama ufunguo shingoni mwangu. Akaondolewa darasa la saba kwa maneno yangu ya uongo.

Sasa Adela yuko kidato cha kwanza. Walimu wanasema hanyooshi mkono hata akiwa na jibu. Mwezi uliopita katekista alimwomba asome somo la kwanza kwenye ibada ya kigangoni. Nikamsihi asome.

"Babu, si uliniambia nikae chini? Nimekaa."

Nilitamani ardhi inimeze! Nikairudisha mashine shuleni, pamoja na sanduku na ufunguo wake, nikaungama yote mbele ya kamati. Mwalimu Jovita akarudishiwa darasa lake. Adela bado amekaa.

Wazee wenzangu mnaofungia vifaa vya watoto na kujiita watunzaji, mnatunza nini? Toeni! Mashine ijaribiwe palepale itakapotumika, saa ileile. Mtoto ashike maiki wiki nzima kabla ya wageni, aiweke mbali kidogo na mdomo, asikilize sauti yake inavyotoka. Azoee kueleza jambo lake hata bila picha, maana umeme wetu mnaujua.

Na akikwama, mzee, usinyanyuke! Mpigie makofi mpaka apate neno lake. Mimi siku ile nilikuwa na mikono miwili ya kupiga makofi. Mmoja ulimnyang'anya maiki, wa pili ulikuwa umeushika ufunguo shingoni.