Kopo la Karugendo

Watu wana macho lakini hawatazami. Kwa uvivu huo, Ma Klaudia wa Kashozi nusura anyang'anywe kibanja chake cha migomba.

Mumewe alipofariki, shemeji yake Karugendo alimletea miche ya migomba kutoka shambani kwake, na ukoo mzima ukamsifu kwa wema. Kikulacho ki nguoni mwako! Haukupita muda migomba ya Klaudia ikaanza kuanguka na mikungu yake michanga, mashina yametobolewa na fukusi. Klaudia hakukaa kulia. Alipasua vipande vya mgomba, akavilaza shinani viwe mitego, na kila asubuhi akavifunua. Fukusi akawaua, wadudu wengine akawaacha. Polepole migomba ikaanza kusimama tena.

Karugendo alipoona hivyo, akaingia shambani bila hodi, akazoa kila mdudu mweusi aliyekuwa mtegoni. Picha akazituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, wadudu wenyewe akawaleta kwenye kikao cha ukoo ndani ya kopo.

"Tazameni! Anafuga fukusi. Kibanja cha marehemu kinakufa. Nipeni mimi nikitunze."

Loo, mtu na uso wake mkavu! Klaudia akaomba ungo.

"Mimina, Ta Karugendo. Mimina wote!"

Wadudu wakamwagika, wakatimka kuelekea ukingoni.

"Mnaona wanavyokimbia? Fukusi hakimbii, hujifanya mfu. Huyu ni wa mviringo, anang'aa, mgongo umebinuka kama nusu ya buni, na hana mdomo mrefu. Ni mbawakawa wa aina nyingine. Ndugu zake wengi huishi majini, yeye anakaa kwenye mgomba unaooza, na humo anakula mayai na funza wa fukusi. Hawa ndio walionisaidia, wazee wangu. Kati yenu nani alikuja hata kupasua mtego mmoja?"

Rugemalira, mkubwa wa ukoo, akainama juu ya ungo. Katikati alibaki mdudu mmoja, mdomo mrefu, miguu ameikunja.

"Na huyu?"

"Huyo ndiye fukusi."

Rugemalira akaketi. "Kibanja ni cha Klaudia. Tumemaliza."

Klaudia hakuwa amemaliza. Akamwokota yule fukusi, akamtia koponi, akamkabidhi shemeji yake.

"Hawa wengine nawarudisha shambani kwangu. Huyu alikuja na miche yako. Mpeleke kwao."