Kopo la Ridha Halikuwa la Ridha

Saa mbili asubuhi, Naziha Hamrouni anagonga mlango wa buluu mjini Kairouan. Leo hakubeba sanduku lake la barafu. Amekuja na swali ambalo hakuna mwanamume mwenye heshima zake angependa kuulizwa mbele ya mkewe.

"Kaka Ridha, lile kopo lilikuwa la nani?"

Ridha, mfua shaba mwenye mikono minene, anaangua kicheko. "Dada, sasa unataka nile kiapo kwa ajili ya choo?"

Naziha hacheki. Ana miaka arobaini na tisa, na kwa miaka miwili kazi yake imekuwa kukusanya kinyesi cha watu. Ndiyo, kinyesi. Nyumba kumi na nne kwa siku, ujira dinari thelathini na tano, na kila kopo lifike maabara ndani ya saa tatu, maana bakteria wengi wa utumboni hufa wakipigwa na hewa.

Watafiti wanawasaka bakteria wanaoonekana mara kwa mara kwenye uvimbe wa saratani ya utumbo mpana. Mmoja wao makazi yake ya kawaida ni kinywani. Kumkuta kwenye kinyesi si ushahidi kwamba mtu anaumwa, lakini akiandamana na damu, daktari hangoji.

"Mtaani wananiita Mama Mavi," anasema Naziha. "Nimezoea. Kinachoniuma ni mtu kunidanganya."

Kopo lenye jina la Ridha lilikutwa na vyote viwili. Akaitwa hospitali, akapimwa kwa kamera, utumbo ukaonekana safi kabisa. Akarudi nyumbani kwa furaha, akachinja kondoo. Daktari akamvuta Naziha pembeni: kama kopo si la Ridha, basi kuna mtu anatembea na ugonjwa na hajui.

Siku kumi na moja zimepita tangu hapo. Mara mbili Naziha amekuja kuuliza, mara mbili Ridha ameapa kopo ni lake.

Leo uvumilivu unamwishia Ridha. "Haya basi! Mimi na wewe tumekua mtaa mmoja. Nikupe choo changu ukibebe barabarani? Nilimwambia Saloua afanye anavyojua."

Saloua, mkewe, ana miaka arobaini na moja. Amesimama karibu na jiko, sinia la chai mikononi.

"Nilichota tu chooni," anasema. "Sijui cha nani."

"Mdogo wangu, choo chenu ni cha kuvuta maji. Ulichotaje?"

Ridha anamtazama mkewe, na uso unaanza kumbadilika.

"Ni changu," anasema Saloua. "Natoka damu tangu Ramadhani. Nikajiambia ni bawasiri. Kopo lilipokuja nikaona Mungu kanifungulia njia, wataangalia bila mimi kufungua mdomo. Nilidhani dawa italetwa kwa jina lake, nitainywa mimi. Kumbe wakamwita yeye. Nikaogopa. Akachinja kondoo, nikapika."

"Ukapika," Ridha anarudia, kisha anakaa sakafuni pale pale.

Naziha angeweza kufoka. Moyoni anachemka kweli, siku kumi na moja jamani! Lakini anampokea Saloua lile sinia. "Vaa viatu," anamwambia. "Tunakwenda sasa hivi."

Hayo yalitokea wiki iliyopita. Kamera ikaona uvimbe. Upasuaji ni Jumatatu. Madaktari wanadhani haujapenya ukuta wa utumbo, ila hawataki kuahidi kabla ya kupasua. Ridha amefunga karakana, na ndiye aliyetaka majina yao yaandikwe gazetini, Saloua akakubali.

"Andika," anasema Ridha. "Mimi nilionea haya kopo. Ona haya hiyo ilikotufikisha."

Naziha naye hana raha. Daftari lake la mwezi huu lina makopo mia mbili na kumi na mbili yenye majina ya wanaume, na sasa haamini hata moja. Amepanga kurudi nyumba moja baada ya nyingine, waume wakiwa kazini, na kila mke atapewa kopo la jina lake mwenyewe.

"Naomba Saloua atoke salama Jumatatu," anasema. "Na hao wengine niwawahi."

Ameanza jana. Nyumba ya kwanza alimuuliza mama mwenye nyumba kama kopo lile kweli lilikuwa la mumewe. Yule mama akachungulia uani, akafunga mlango, akamvutia kiti.

"Dada," akasema, "kaa."