Bingwa wa Mafuta

Mdogo wangu Maduhu alipeleka saruji Rwamgasa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuwahi kupindua lori. Nasema hivyo kwa sababu leo hapa Shinyanga watu wanamkumbuka kwa kicheko tu.

Tajiri wake, Abdulshakur, alinunua lori jipya. Macho ya Maduhu yalikuwa yameanza kuchoka, na alishasikia kwamba lori lake kuukuu likifa, naye anarudishwa nyumbani. Akalitamani hilo jipya kama kijana anavyotamani mke. Tajiri akatangaza shindano: madereva wote wajaze tangi mpaka shingoni, wapakie mzigo sawa, waende Rwamgasa na kurudi. Atakayetumia mafuta kidogo, lori jipya ataendesha yeye.

Madereva wakakutana kwa mama ntilie, wakakubaliana wasishindane kweli. Mafuta yanayobaki safarini wao huyauza kwa madumu, na ndiyo yaliyosomesha watoto, hata wa Maduhu. Tajiri akijua lori linakunywa kidogo kiasi gani, yamekwisha.

"Tutumie kama siku zote," alisema Boaz, kijana aliyefundishwa usukani na Maduhu mwenyewe. "Lori tumwachie tajiri apige kura."

Maduhu akaitikia kwa kichwa.

Njiani akavua viatu ili mguu uisikie pedeli. Turubai aliliacha nyumbani, maana ni zito na linakamata upepo. Vilima akavipanda taratibu kama mjamzito. Aliporudi, tangi likajazwa upya, na tajiri akacheka mpaka akafuta machozi. Akampa ufunguo. Kesho yake akatangaza kipimo cha wote: mafuta aliyotumia Maduhu, na tone zaidi hakuna.

Wake wa madereva wakaacha kunisalimia.

Masika yakaja. Kipimo kile kilitosha barabara kavu tu. Wenzake walibeba madumu ya akiba, waliyoyanunua kwa fedha zao. Yeye hakubeba dumu wala turubai, bingwa atabebaje? Kwenye tope la Nyarugusu lori jipya likazimika, tangi tupu. Wenzake wakampita mmoja mmoja. Boaz peke yake ndiye aliyesimama.

"Shikamoo, bingwa."

"Marahaba, baba. Nisaidie dumu moja. Mvua hiyo inakuja, na turubai sina."

Boaz akamimina mafuta kwenye kikombe cha chai, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Dumu la nini, mzee? Wewe hiki kinakufikisha Rwamgasa na kukurudisha."

Akawasha gari, akaenda zake.

Mvua ilinyesha usiku kucha, saruji ikaganda ndani ya mifuko. Tajiri akachukua ufunguo akampa Boaz. Mifuko ile ya mawe akaishusha uani kwa Maduhu.

"Hicho kiinua mgongo chako," alimwambia.

Ipo uani mpaka leo, mbuzi wanalala juu yake. Boaz akipita na lile lori hupiga honi ndefu, na mdogo wangu kila mara huinuka, akalitazama mpaka vumbi linatua.