Nusura posa yangu ikwame kwa sababu ya gemu la kuvua samaki

Wakuu, habari za mchana. Hili limenikuta mwenyewe hapa Bagamoyo, chumvi sijaongeza. Mwenye kucheka acheke.

Nina kibanda cha kutengeneza simu. Mteja mmoja aliniuzia kigemu cha zamani cha mkononi, kina gemu moja tu la kuvua samaki, limetokana na katuni ya Kijapani. Maandishi yote ya kwao, nabonyeza kwa kubahatisha. Kijana anazunguka mitoni kutafuta samaki mkubwa kuliko wote. Tamu balaa.

Sasa, nilikuwa nimepeleka posa Mlingotini, kwa kina Zuhura. Majibu kimya.

Mshenga wangu akanipigia, sauti imepoa. Kuna mtu aliniona nimeinamia samaki na maandishi "ya Kichina", akawapelekea kina Zuhura habari kwamba nacheza dubwi, zile kamari za kutumbukiza sarafu.

Wakuu, hiyo si kesi ndogo. Dada yake Zuhura aliolewa na mcheza dubwi. Jamaa akiliwa hela, anarudi kumpiga mke, mpaka wazazi wakamrudisha binti yao nyumbani. Nani atampa mtu kama huyo binti wa pili? Na Zuhura simu hapokei.

Mara baba yake mdogo, mvuvi, huyo kibandani bila taarifa. Shikamoo, marahaba, akanyoosha mkono apewe kigemu. Akakigeuzageuza, akapapasa pembeni.

"Hela unatumbukizia wapi?"

Nikamwambia hakina pa kutumbukizia. Akanirudishia.

"Cheza nione."

Nikawasha. Samaki akanasa, nikavuta kwa pupa, mshipi ukakatika. Nikarudia, ukakatika tena. Na tena. Mzee kioo hakiangalii kabisa, ananitazama mimi usoni. Akaaga, akaondoka. Nikajua nimekwisha.

Juzi mshenga kaleta jibu: posa imepokelewa. Nikamuuliza mzee aliwaambia nini kule.

"Kasema kamari hakuiona. Alichoona, mshipi unakukatikia na hutukani, wala hupigi kitu."



Funzo: wakija kukuchunguza, wanapima hasira zako kabla ya mfuko wako.

Ila wasiwasi haujaisha, umezidi. Siku ile nilinyamaza kwa sababu namwogopa mzee. Ndani ya nyumba tutakuwa wawili tu, hakuna wa kumwogopa.

Mliooa, hasira mnazipeleka wapi? Semeni ukweli, nasoma zote.